Viwanja Tumejenga, Wasimamizi Je?

Mwezi wa Agosti mwaka 2025 utakumbukwa kwa muda mrefu na wapenzi wa kandanda wa Visiwa vyetu. Katika mwezi huo Uwanja wa Amaan ulizipokea timu za Senegal, Kongo ya Brazzaville, Sudan na Nigeria, zilizokuja kupambana katika mashindano ya CHAN, yaani mashindano ya Afrika kwa wachezaji wanaosakata soka ndani ya nchi zao. Wasudani waliwalaza Wanigeria kwa mabao 4 kwa 0, kisha wakawatoa Waaljeria kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali. Miezi mitatu kabla ya hapo, tarehe 25 Mei, uwanja huo huo ulikuwa mwenyeji wa mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ambapo Simba ilitoka sare ya 1 kwa 1 na Berkane ya Moroko, na wageni wakaondoka na kombe.

Shangwe ile ilikuwa halali yetu. Lakini shangwe inapopoa, yafaa tujiulize swali ambalo aghalabu halizungumzwi barazani wala mikutanoni. Siku zile watu waliokuwa uwanjani kucheza walikuwa 22. Je, waliokuwa wakifanya kazi ili wale 22 wacheze walikuwa wangapi, na walijifunza wapi kazi yao? Yuko aliyepanga milango na kuhesabu tiketi. Yuko aliyehakikisha kwamba gari la wagonjwa lina njia ya kutokea. Yuko aliyepokea timu uwanja wa ndege na kuzipeleka hotelini kwa wakati. Yuko aliyelinda majani, taa, vyoo na vyumba vya kubadilishia nguo, na yuko aliyeandika mahesabu baada ya watazamaji kwenda zao. Hao ndio tunaotaka kuwazungumza leo.

Tumelazimika kuandika haya kwa sababu ya mgeni aliyetujia ofisini siku chache zilizopita. Ni mzee wa makamo, mkulima wa karafuu kutoka Pemba, aliyevuka na boti ya asubuhi kutoka Mkoani. Alikuwa na bahasha mkononi, na ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya chuo iliyomkubalia mwanawe kusomea uongozi na utawala wa michezo. Baada ya salamu na kuulizana hali za nyumbani, mzee alisema, "Wanangu, nyinyi ndio wenye kusoma na kuandika. Mtoto wangu huyu nimemsomesha kwa jasho la karafuu. Hebu niambieni kweli: mpira nao unasomewa? Au nitatupa fedha yangu baharini?"

Hatukucheka, wala hatukuwa na jibu la haraka. Tulimwomba atupe muda, naye akatuachia nakala ya barua ile. Makala haya ni jibu letu kwake, na kwa kuwa tunaamini kwamba wako wazazi wengi wenye swali kama lake, tumeona bora tulijibu hadharani, mbele ya wananchi na mbele ya wakubwa wenye dhamana ya michezo.

KAZI ILIYOZALIWA NA HAJA

Si ajabu mzee yule kushangaa. Hata katika nchi zilizotangulia katika mambo haya, elimu ya usimamizi wa michezo si ya zamani sana. Mwaka 1957 mmiliki wa klabu kubwa ya mchezo wa besiboli huko Marekani, Walter O'Malley wa klabu ya Dodgers, alimwandikia barua mwalimu wa chuo kikuu, James Mason, akimuuliza ni wapi angeweza kumpata mtu aliyesomeshwa hasa kusimamia uwanja, ukumbi na mambo mengine ya namna hiyo. Wakati huo palikuwa na wanasheria, wahasibu na walimu wa michezo, lakini hapakuwa na mtu aliyefunzwa kuyaunganisha yote hayo. Barua hiyo haikupotea bure. Mwaka 1966 Chuo Kikuu cha Ohio kilianzisha shahada ya uzamili katika utawala wa michezo, na Mason alikuwa mmoja wa walioiasisi. Tangu hapo elimu hiyo imeenea duniani. Tangu mwaka 2000 iko hata shahada ya uzamili inayoendeshwa kwa ushirikiano na FIFA, ambayo wanafunzi wake husoma kwa zamu katika nchi za Uingereza, Italia na Uswisi.

Katika nchi yetu nako msingi uliwekwa mapema. Sheria ya kuunda Baraza la Michezo la Taifa kwa upande wa Bara ilipitishwa mwaka 1967, na huku Visiwani tunalo Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar. Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya, kilichoko Wilaya ya Kwimba, Mkoa wa Mwanza, hufundisha ualimu wa michezo pamoja na uongozi na utawala wake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Kwa jirani zetu wa Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha usimamizi wa michezo na burudani. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya swali la mzee wetu ina jibu fupi: ndiyo, mpira unasomewa, na si mpira peke yake.

DAFTARI, ORODHA NA FUNGUO

Sehemu ya pili ndiyo ngumu: je, elimu hiyo ina faida gani kwetu? Tutaieleza kwa mifano ambayo mwananchi yeyote anaweza kuipima.

Mwaka jana tulialikwa katika mkutano mkuu wa klabu moja ya mtaani, ambayo tunalihifadhi jina lake. Mshika fedha alisimama na daftari la skuli mkononi akasoma mapato na matumizi ya mwaka mzima. Mapato ya mlangoni yalikuwamo. Michango ya wanachama ilikuwamo. Lakini ilipofika zamu ya matumizi, mistari mingi iliandikwa neno moja tu, "dharura", bila ya stakabadhi. Wanachama walipiga kelele, na mtu mzima yule alisimama akilengwalengwa na machozi, akaapa kwamba nauli ya boti ya timu kwenda Pemba aliitoa mfukoni mwake, naye hajarejeshewa hata senti. Mkutano ulivunjika kwa matusi, na mwezi uliofuata klabu ilikuwa na makundi mawili yasiyosalimiana. Sisi tunaomjua mzee huyo kwa miaka mingi hatuamini kwamba ni mwizi. Kosa lake ni kwamba alipewa kazi ambayo hakuna aliyemfundisha. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kuwa daftari bila stakabadhi humpoteza hata mwenye kulishika.

Mfano wa pili ni wa fedha ambazo klabu zetu huenda zikazikosa bila ya kujua kwamba zilikuwa haki yao. Kwa mujibu wa kanuni za FIFA, mchezaji wa kulipwa anapohama kutoka klabu ya nchi moja kwenda klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake kumalizika, asilimia 5 ya fedha ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea tangu alipokuwa na umri wa miaka 12 hadi 23. Kwa kila mwaka kati ya ule wa 12 na wa 15, klabu iliyomlea hupata asilimia 5 ya fungu hilo. Na kwa kila mwaka kati ya ule wa 16 na wa 23, hupata asilimia 10. Tuchukue hesabu nyepesi. Kijana ameuzwa ng'ambo kwa dola 200,000. Fungu la malezi ni dola 10,000. Klabu ya kijijini iliyokuwa naye tangu mwaka wa 16 hadi wa 19, yaani miaka minne, haki yake ni asilimia 40 ya fungu hilo, nayo ni dola 4,000.

Fedha hizo zinatosha kununua mipira, jezi na magoli, na kulipa nauli za misimu kadhaa. Lakini ni nani atakayezipata? Ni klabu ambayo katibu wake alimwandikisha kijana yule kwa jina lake sahihi na tarehe yake sahihi ya kuzaliwa, msimu baada ya msimu, na kumbukumbu zake zikafika katika shirikisho. Tangu Novemba 2022 kazi ya kugawa fedha hizi ilianza kufanywa na taasisi maalumu ya FIFA yenye makao yake Paris, na taasisi hiyo hutegemea kumbukumbu za uandikishaji. Haimjui kocha aliyekuwa akimpitia mtoto nyumbani kwao kila alfajiri, wala mama aliyekuwa akiwapikia wachezaji uji. Inachokijua ni maandishi. Klabu iliyomwandikisha mtoto kwa jina la utani, au iliyopoteza fomu zake mvua zilipovujia ndani ya kabati, itasikia habari za mchezaji wake redioni kama tunavyosikia sisi sote.

Mfano wa tatu ni wa huzuni, na tunautaja kwa kuwa uhai wa watu ndio amana kubwa kuliko zote. Tarehe 9 Mei 2001, katika uwanja wa mjini Accra, nchini Ghana, timu za Hearts of Oak na Asante Kotoko zilikuwa zikicheza. Mashabiki waliokasirishwa na matokeo walianza kung'oa viti na kuvirusha, polisi wakafyatua mabomu ya machozi kuelekea jukwaani, watu wakakimbilia milangoni, na baadhi ya milango ikawa imefungwa. Watu 126 walipoteza maisha. Hawakuuawa na mpira. Waliuawa na mpango mbaya wa kuongoza umati. Kujua mlango upi ufunguliwe dakika ipi, nani ashike funguo, na askari wasimame wapi, ni elimu inayofundishwa darasani na kufanyiwa mazoezi. Uwanja wetu wa Amaan umejaa mara nyingi na Mungu ametuepusha. Lakini haifai kumwachia Mungu kazi aliyotupa sisi akili ya kuifanya.

Mfano wa nne tunao hapa hapa nyumbani. Ile fainali ya Mei 2025 haikupangwa kuchezwa Unguja. Ilikuwa ichezwe Dar es Salaam, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, ikahamishiwa kwetu kwa sababu ya hali ya majani ya uwanja ule. Sisi tulifaidika, lakini mwenye busara hafurahii kunyolewa kwa mwenzake. Hutia maji kichwani mwake. Amaan ulifunguliwa mwaka 1970, ukafanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa upya Desemba 2023. Gombani uko Chake Chake, na Uwanja wa Mao Zedong nao umejengwa upya. Kila kimoja katika viwanja hivi kinataka mtu anayejua ratiba ya kupumzisha kiwanja, gharama za umeme, mikataba ya kukodisha, na namna ya kuweka akiba ya matengenezo ya mwaka wa tano na wa kumi. Chumvi ya bahari yetu haina huruma na chuma. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wa mwisho ni mfano wa katiba na kanuni. Wananchi wanakumbuka Machi 2017, tulipopokelewa mjini Addis Ababa kuwa mwanachama wa 55 wa Shirikisho la Soka la Afrika, na wanakumbuka pia Julai ya mwaka huo huo, uanachama ule ulipofutwa katika mkutano wa Rabat. Hatutaki kuufukua mjadala huo. Tunalotaka kusema ni kwamba Desemba iliyofuata vijana wetu walifika fainali ya Kombe la Chalenji huko Kenya na kutolewa kwa penalti tu. Kwa hiyo uwanjani walithibitisha kwamba wanajua kucheza. Mchezo wa siku hizi huchezwa pia mezani, kwa katiba, kwa barua na kwa hoja za kisheria, na huko nako tunahitaji wachezaji waliofanya mazoezi.

NASAHA KWA KIJANA

Sasa tunamgeukia kijana mwenyewe, mtoto wa mzee wetu na wenzake. Tungekuwa waongo kama tungemwambia kwamba cheti kitamngoja na kazi mkononi. Klabu nyingi za Visiwani hazina uwezo wa kumlipa katibu mshahara. Nafasi katika mashirikisho ni chache. Aliyesomea usimamizi wa michezo kwa kuwa anapenda kutazama mpira tu atajuta, kwani siku ya mchezo mkubwa huyo ndiye mtu ambaye hatauona. Atakuwa langoni, au ofisini, au hospitali.

Kwa hiyo, jambo la kwanza: kabla ya kulipa ada, kijana na ahakikishe kwamba chuo na kozi yake vimesajiliwa na vyombo vya Serikali vinavyosimamia vyuo. Asitosheke na karatasi yenye rangi nzuri.

La pili: katika masomo yote atakayopewa, ashike mawili kwa mikono miwili, nayo ni uhasibu na sheria za mikataba. Hayo yatamlisha hata siku ambayo michezo itashindwa kumlisha. Mtu anayejua kufunga hesabu za mwaka hupata kazi hotelini, bandarini na katika ushirika. Na ikiwa anajua michezo pia, klabu itamtafuta yenyewe. Wengine wamefanya vyema kuyaunganisha masomo haya na ualimu, kwani skuli zetu zinahitaji walimu wa michezo.

La tatu: lugha. Mikutano ya soka ya Afrika huendeshwa zaidi kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Mtoto wa Visiwani amekwisha onja Kiarabu tangu chuoni kwa mwalimu wake wa Qurani, na Kiingereza amekisoma skuli. Akiongeza bidii katika hizo mbili, na akajifunza Kifaransa cha kuandikia barua, atakuwa na silaha ambayo wengi wa wenzake hawana. Na kompyuta asiione kuwa ni anasa. Uandikishaji wa wachezaji, uuzaji wa tiketi na utunzaji wa hesabu vyote vimehamia humo.

La nne, nalo kwetu sisi ndilo kubwa: asingoje kumaliza chuo ndipo aanze kazi. Likizoni arudi kijijini kwao, aende kwenye klabu ndogo kuliko zote, aombe kuwa katibu msaidizi bila ya malipo. Apange majalada ya wachezaji kwa miaka yao. Aandike muhtasari wa vikao. Aweke kitabu cha stakabadhi. Aandae mashindano ya watoto ya siku mbili, kisha aandike ripoti: walikuja wangapi, fedha ziliingia ngapi, zilitoka ngapi, na makosa yalikuwa yapi. Atakapoitwa kwenye usaili, kijana mwenye ripoti tano za namna hiyo atasikilizwa kabla ya mwenye cheti kitupu.

La tano: asidhani kwamba michezo ni kandanda pekee. Visiwa vyetu vina mashindano ya ngalawa, vina mchezo wa ng'ombe huko Pemba, vina netiboli, nage, bao, riadha na baiskeli. Utalii ndio tegemeo kubwa la uchumi wetu, na wageni wengi hupenda kukimbia, kuogelea, kupiga mbizi na kucheza mpira ufukweni. Mtu anayejua kuandaa mashindano ya ngalawa kwa usalama, yenye bima, waokoaji, ratiba inayofuatwa na zawadi zinazotolewa siku ile ile, ameanzisha kazi yake mwenyewe na kuwapatia wavuvi wa kijiji chake kipato halali.

Haya yote tunawaambia wasichana pia, na pengine wao zaidi. Ni nani asiyejua kwamba katika mitaa yetu vikundi vya kina mama vya kuweka na kukopa ndivyo vyenye vitabu safi kuliko vilabu vyote vya mpira? Uaminifu huo na uangalifu huo ndio unaotakiwa katika ofisi za michezo. Mzazi anayesita kumwacha binti yake acheze hadharani hana sababu ya kumzuia asisomee kuendesha ofisi ya shirikisho.

Mfano wa wanamichezo waliojiandaa kwa maisha ya baadaye hauko mbali. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 huko Christchurch kwa muda wa dakika 3 na sekunde 32.2, hakuishia kuhadithia mbio zile. Alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi, na ameanzisha skuli. Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alisoma chuo kikuu huko El Paso nchini Marekani alipokuwa bado akikimbia, na baadaye akawa kocha na kiongozi wa riadha. Miguu huchoka mapema. Kichwa kilichosoma huendelea na safari.

RAI KWA SERIKALI NA KWA VIONGOZI

Haitakuwa haki kuwahimiza vijana wasome, kisha tukawafungia milango warudipo. Tunapenda kutoa rai nne kwa wenye dhamana, kwa heshima na bila ya kuficha.

Kwanza, Zanzibar ina Wilaya 11, saba Unguja na nne Pemba. Ikiwa kila Wilaya itakuwa na maafisa wawili waliosomea usimamizi wa michezo, mmoja wa viwanja na mashindano na mwingine wa uandikishaji na hesabu za klabu, tutahitaji watu 22 tu, idadi ile ile ya wachezaji walioko uwanjani katika mchezo mmoja. Hatuamini kwamba Serikali iliyoweza kujenga viwanja itashindwa kuwasomesha watu 22.

Pili, wanaosaidiwa kwa mikopo au ufadhili wa Serikali katika fani hii wafunge mkataba wa kurudi kutumikia Visiwa kwa muda maalumu, na Serikali nayo ifunge mkataba wa kuwapokea. Mkataba wa upande mmoja si mkataba.

Tatu, vyama na mashirikisho yetu yaache desturi ya kuona kwamba kiti cha katibu ni zawadi ya mpiga kampeni mzuri. Wenyekiti na wawapate kwa kura. Lakini katibu mtendaji na mhasibu wapatikane kwa sifa. Shirikisho la Soka la Afrika, katika utaratibu wake wa kutoa leseni kwa klabu, hutazama mambo matano: maendeleo ya mchezo wenyewe, miundombinu, watumishi na utawala, sheria, na fedha. Mambo manne kati ya hayo matano si ya kupiga mpira.

Nne, vyuo vyetu vya Visiwani vikae pamoja na Malya na vyuo vikuu vyenye uzoefu ili kuandaa mafunzo mafupi ya wiki mbili au tatu kwa makatibu na washika fedha walioko kazini hivi sasa. Mzee yule wa daftari la "dharura" hawezi kuacha biashara yake akaenda chuoni miaka mitatu. Anaweza kukaa darasani jioni kumi na kujifunza kuandika stakabadhi. Tungemwokoa yeye na heshima yake, na tungeiokoa klabu yake.

Wakati ni mchache. Septemba 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kwa pamoja uenyeji wa fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee; lakini mwenyeji hupona ikiwa jamvi limekwisha tandikwa kabla ya hodi. Ikiwa hatutawaandaa watu wetu, kazi zenye malipo zitafanywa na watu wa kukodiwa kutoka nje, nao vijana wetu watabaki kuuza maji nje ya ukuta. Kuuza maji si aibu. Aibu ni kwamba hakuna aliyewauliza kama wangetaka kujifunza kazi za ndani.

Tumempelekea mzee wetu wa Pemba jibu hili kabla ya kulichapa. Tumemwambia: mpeleke mtoto, lakini mpeleke kwa masharti. Achunguze chuo chake. Ashike uhasibu. Kila likizo arudi na aoneshe kazi aliyoifanya katika klabu ya kijiji, si kazi ya maneno bali ya maandishi. Akishindwa masharti hayo mwaka wa kwanza, mrudishe shambani. Karafuu nazo zinahitaji mwangalizi. Akiyatimiza, fedha yako haikutupwa baharini.

Mzee ametujibu kwa simu kwamba mwanawe ataondoka baada ya mavuno, na kwamba amekwisha mnunulia kitabu cha stakabadhi. Nasi tunamtakia safari njema. Mcheza kwao hutuzwa, na tungependa siku moja atuzwe hapa kwao, kwa kazi yenye mshahara na ofisi yenye mlango wazi. Hilo la pili haliko mikononi mwake wala mwa baba yake. Liko mikononi mwa viongozi, nasi tutaendelea kuliuliza.